Shingo ya Pikipiki na Usukani Unaotii

Nataka kueleza jambo moja ambalo nadhani litawafaa wenzangu wanaosoma sayansi, na huenda likawafaa zaidi wazazi wenye pikipiki. Jambo lenyewe ni usukani: kwa nini wakati mwingine hukataa kutii, na lipi la kufanya ili utii. Darasani tunasoma fizikia kwa Kiingereza, lakini nyumbani hakuna anayeuliza habari za pikipiki kwa Kiingereza. Kwa hiyo nitaeleza kwa Kiswahili, na pale neno litakapokuwa gumu nitalifafanua.

Hapa Mwanhuzi pikipiki si starehe. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, imekuwa ndiyo gari la wengi wetu. Mgonjwa anayetoka Bukundi, mama mjamzito wa Mwandoya, mwanafunzi anayerudi bweni na sanduku lake la bati, gunia la mahindi, wote hupanda pikipiki. Na njia zetu twazijua. Wakati wa kiangazi zina makunyanzi kama bati, na vumbi huyaficha mashimo. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga hunata katika tairi mpaka gurudumu la mbele linakataa kuzunguka. Katika hali kama hiyo dereva huomba kitu kimoja tu: akigeuza mkono kidogo, gurudumu nalo ligeuke kidogo, si zaidi wala si pungufu.

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa bodaboda. Pikipiki yake ni ya mkataba, yaani bado ni ya mwenye mali mpaka kaka amalize kulipa. Kila siku isipokuwa Jumapili sharti apeleke hesabu, apate abiria asipate. Mwaka huu pikipiki hiyo ilianza kuyumba kila inapokwenda polepole. Akitaka kwenda sawa, inakwenda kama nyoka. Siku moja alikuwa amempakia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, wakaingia kwenye mchanga, usukani ukagoma, wakaenda kuegemea ukingo wa barabara. Hawakuumia. Lakini yule mama alishuka, akamlipa nauli yake yote, akamaliza safari kwa miguu. Jambo hilo lilimuuma kaka kuliko kama angaliumia goti.

Alikwenda kwenye gereji moja, akaambiwa dawa yake ni kufunga usukani mpana na mrefu kama ule wanaoupenda vijana. Akanunua, na fedha ya hesabu ya siku tatu ikaenda huko. Pikipiki ikaendelea kuyumba vile vile.

Nilipofika nyumbani likizo ya mwezi wa sita aliniuliza, "Mdogo wangu, wewe unasoma fizikia. Hebu niambie, fedha yangu imekwenda wapi?" Nusu ya jawabu niliipata katika daftari langu, na nusu kwa fundi mmoja mzee ambaye hajapata kusoma fizikia hata siku moja, lakini mikono yake yaijua.

Shingo na vilivyomo

Mbele ya tangi la petroli, fremu ya pikipiki huishia kwenye bomba fupi nene la chuma lililolala nyuma kidogo. Bomba hilo ndilo shingo. Ndani yake hupita mti wa usukani, na mti huo ndio unaozishika shokapu mbili za mbele. Mti ukizunguka ndani ya shingo, basi usukani, shokapu na gurudumu huzunguka pamoja kama kitu kimoja.

Ili chuma kisisagane na chuma, juu na chini ya shingo kuna vikombe, na ndani ya vikombe hivyo mna gololi na grisi. Katika pikipiki ndogo nyingi tulizo nazo gololi hizi ziko huru, hazikufungwa katika kitu chochote, na kila moja ina upana wa milimita sita hivi. Vikombe na gololi zake huuzwa pamoja katika boksi moja, na wauza spea huviita konseti.

Gololi si jambo la jana. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa mji wa Carmarthen katika Wales alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa kutia gololi katika ekseli ya gari la kukokotwa na farasi. Mwaka 1869 Jules Suriray wa Paris alipata hati ya namna hiyo kwa gololi za baiskeli. Kwa gurudumu gololi ni kitu kizuri mno, kwa sababu gurudumu linapozunguka kila gololi hutembea duara zima, inagawana kazi na wenzake, na inabeba grisi kila mahali.

Shingo haifanyi hivyo, na hapa ndipo ugonjwa unapoanzia. Dereva anayetoka Mwanhuzi kwenda Kisesa hugeuza usukani nyuzi chache kushoto na nyuzi chache kulia, basi, kutwa nzima. Gololi hukaa mahali pale pale. Kila gurudumu linapoangukia shimo, kishindo hupanda kwenye shokapu hadi kwenye gololi zile zile, nazo hupiga kikombe pale pale. Grisi husukumwa kando na hairudi. Siku nyingi zikipita kila gololi hujichimbia kishimo, na vishimo hivyo vyote hukaa tayari kuzipokea gololi pale usukani unapokuwa umenyooka. Ukitaka kuugeuza kidogo, hukataa. Ukiongeza nguvu, gololi hupanda ukingo wa kishimo na kuruka, nao usukani unageuka kuliko ulivyotaka. Unarudisha, unaanguka tena kishimoni. Huko ndiko kwenda kama nyoka.

Nguvu inayofika shingoni

Nilipenda kujua kani inayofika kwenye vikombe ni kubwa kiasi gani. Nilipima kwa futi ya fundi: kutoka chini tairi inapogusa ardhi hadi kikombe cha chini ni kama sentimita 72, na kutoka kikombe cha chini hadi cha juu ni sentimita 16. Sasa tuseme dereva anafunga breki ya mbele, na ardhi inavuta tairi kwenda nyuma kwa kani ya nyutoni 400. Hiyo si breki ya hofu, ni breki ya kawaida. Tufanye kikombe cha chini kuwa egemeo. Momenti ni kani mara umbali:

400 × 0.72 = 288.

Kikombe cha juu hapana budi kuizuia momenti hiyo kwa mkono mfupi wa mita 0.16 tu. Kwa hiyo kani yake ni 288 ÷ 0.16, yaani nyutoni 1,800. Na kikombe cha chini hubeba hiyo 1,800 pamoja na ile 400 ya kwanza, jumla nyutoni 2,200. Ni kama kuweka kilo 220 juu ya gololi chache za upande mmoja. (Nimeuacha mlalo wa shingo ili hesabu iwe nyepesi; mwenye kupenda na auingize.) Msishangae basi kwamba kikombe cha chini ndicho hufa kwanza. Hicho pia ndicho kinachomwagiwa maji na tope na gurudumu.

Kwa nini vishimo vidogo viharibu mwendo mzima?

Swali hili lilinisumbua, maana vishimo vyenyewe ni vidogo hata jicho likikosa mwanga halivioni. Jawabu lake ni zuri kuliko yote niliyojifunza.

Wengi wetu hudhani pikipiki na baiskeli husimama kwa sababu magurudumu yanazunguka kama pia. Jambo hilo lasaidia, lakini si lote. Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi na Marekani walitoa habari katika jarida la Science kwamba walitengeneza baiskeli ndogo ambayo nguvu ya pia iliondolewa kwa kutia magurudumu mengine yanayozunguka kinyume. Hata hivyo ilipokwenda kwa mwendo wa kutosha, ilijiweka sawa yenyewe bila mtu. Walichoona ni kwamba baiskeli ikianza kulalia upande mmoja, usukani wake hugeukia upande ule ule wenyewe, na magurudumu hukimbilia chini ya uzito unaoanguka. Ni kama mtu anayesimamisha fimbo juu ya kiganja: fimbo ikilala kulia, mkono unakimbia kulia.

Kwa maneno mengine, pikipiki inayokwenda iko katika kuanguka na kujiokoa kila dakika, nayo hujiokoa kwa usukani. Wengi wa marekebisho hayo ni madogo sana, ya uzi mmoja au chini yake, na dereva hayajui. Sasa shingo yenye vishimo huyazuia yale madogo na kuyaruhusu makubwa tu. Anayetaka kuhakikisha na achukue baiskeli, afunge usukani kwa vipande vya tyubu usigeuke kabisa, kisha ajaribu kuiendesha uwanjani penye nyasi. Hatafika hatua kumi. Tulifanya hivyo na wenzangu wawili wa bweni, na aliyekwenda mbali kuliko wote hakufika golini.

Kuna na jambo la pili linalosaidia usukani kunyooka. Tazama pikipiki kwa ubavuni. Ukiurefusha mlalo wa shingo kwa fimbo iliyonyooka mpaka chini, fimbo itagusa ardhi mbele ya mahali tairi linapogusa. Tairi basi hufuata nyuma ya shingo, kama magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali yanavyogeuka na kufuata mahali kitanda kinaposukumwa. Umbali huo ukipungua, usukani huwa na wasiwasi. Ukizidi, huwa mzito kugeuka. Madereva wanaonyanyua nyuma ya pikipiki kwa springi ndefu ili wabebe gunia la pili huusimamisha mlalo wa shingo bila kujua. Hapo wanaupunguza umbali ule, kisha hushangaa kwamba pikipiki tupu inacheza.

Usukani mrefu na nchi za theluji

Turudi kwenye fedha ya kaka. Usukani wa kwanza ulikuwa na mkono wa sentimita 35 kutoka shingoni hadi kishikio, na mpya una sentimita 40. Tuseme vishimo vinadai momenti ya nyutoni-mita 4 kabla ya kuziachia gololi. Kwa usukani wa zamani mkono ulihitaji kani ya 4 ÷ 0.35, yaani karibu nyutoni 11.4. Kwa usukani mpya ni 4 ÷ 0.40, yaani nyutoni 10. Nafuu ipo, ila ni ndogo, na vishimo viko pale pale. Ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya maumivu akasema kichwa kimetulia.

Tena kuna hasara. Usukani ulionyanyuliwa na kurudishwa nyuma humfanya dereva akae nyuma zaidi. Kaka ana kilo 65 hivi, sawa na nyutoni 650. Akirudi nyuma sentimita 5 tu, na pikipiki ikiwa na mita 1.25 kati ya ekseli na ekseli, gurudumu la mbele hupoteza 650 × 0.05 ÷ 1.25, yaani nyutoni 26 za uzito. Katika mchanga hilo si jambo la kuchekea.

Mtu aweza kuniuliza, mbona basi ulimwenguni watu hununua usukani mrefu? Wana sababu zao. Katika Kanada na nchi nyingine za baridi wako watu wenye pikipiki za theluji. Chombo hicho hakina gurudumu la mbele. Mbele kina vibao viwili vya kutelezea, na nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alianza kuuza cha kwake kilichopata sifa mwaka 1959. Wanaopanda nacho milimani kwenye theluji nene huendesha wakiwa wamesimama, na hukilaza chombo upande kwa uzito wa mwili. Kwa hiyo hubadili mti wa usukani, wakatia ulio mrefu zaidi na kuusogeza mbele, ili mikono ifike bila kuinama. Mrefu na mbele, angalieni, si mrefu na nyuma. Mtu aliyesimama na mtu aliyekaa hawahitaji usukani mmoja. Dereva wa bodaboda hukaa, tena ana abiria mgongoni.

Mzigo

Kabla ya habari za matengenezo nitaje mzigo, maana hakuna shingo itakayoshinda mzigo uliofungwa vibaya. Gunia la kilo 50 lililofungwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma lina kani ya nyutoni 500. Momenti yake ni 500 × 0.3 = 150, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Gurudumu la mbele hunyanyuliwa kwa kani ya 150 ÷ 1.25 = nyutoni 120, sawa na kuondoa kilo 12 mbele. Gunia lile lile likisogezwa mbele mpaka liwe juu ya ekseli, hasara hiyo ya mbele huondoka yote. Sentimita thelathini na kamba, hakuna gharama nyingine. Na kupakia mshikaki, abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, ni hesabu ile ile, isipokuwa gunia halina mama wa kulilia.

Kujua ugonjwa kwa mikono

Yule fundi mzee alipoiona pikipiki hakuuliza maswali mengi. Aliisimamisha kwa stendi ya kati, akaweka gogo chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaelea. Akaniambia, "Kijana, shika usukani kwa vidole viwili, ugeuze taratibu. Usitazame. Sikiliza kwa mkono." Niligeuza. Kote ulikwenda laini, lakini katikati kabisa ulizama kama mlango unaoingia kwenye kitasa. Kisha akashika shokapu mbili chini karibu na ekseli, akazivuta kwake na kuzisukuma. Ikasikika "ko, ko" shingoni.

Hayo ndiyo majaribio mawili, na kila mwenye pikipiki aweza kuyafanya asubuhi bila senti. Kuzama katikati maana yake vikombe vina vishimo. Kugonga maana yake nati ya shingo imelegea, na pikipiki ya namna hiyo hutikisa usukani ikifunga breki. Ipo na hali ya tatu: usukani usiozama wala kugonga lakini ni mzito kote. Huo umekazwa mno, nao huyumba polepole karibu sawa na ule wenye vishimo. Fundi alisema wengi wakisikia kugonga hukaza nati mpaka kugonga kuishe, wakadhani wamepona. Kama vikombe vina vishimo, kukaza hakusaidii, kunazisukuma gololi ndani zaidi.

Gololi au rola?

Baada ya kufungua tulikuwa na njia mbili: kununua konseti nyingine ya gololi, au kutia beringi za rola. Kaka alitaka kujua tofauti, na hapa ndipo kanieneo tuliyojifunza kidato cha kwanza iliponifaa.

Kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Gololi hugusa kikombe katika nukta moja, na eneo lake ni dogo sana, kwa hiyo kanieneo yake ni kubwa. Rola hugusa katika mstari mzima wa urefu wake. Ukanyage kokoto kwa mguu mtupu, kisha ukanyage mpini wa jembe uliolala chini; uzito wako ni ule ule, lakini mguu wako wajua tofauti. Rola za shingoni tena si za mviringo sawasawa, bali zimepunguzwa upande mmoja kama koni iliyokatwa ncha, na vikombe vyake vimelala vivyo hivyo, ili zibebe kishindo kinachotoka chini na kile kinachotoka mbele kwa pamoja.

Aliyeziletea sifa ni Henry Timken, mtengeneza magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, aliyepata hati yake mwaka 1898. Alichotaka kuponya ni magari mazito yaliyokuwa yakisumbua kwenye kona, kwa sababu mzigo ulisukuma magurudumu kwa ubavuni. Nafurahi kwamba dawa iliyobuniwa kwa mikokoteni ya farasi inafaa bodaboda ya Meatu.

Lakini nisizisifu rola kupita kiasi. Bei yake ni kubwa kuliko ya gololi. Lazima zipatikane za kipimo kile kile cha shingo na cha mti. Zikiwa nene zaidi, nati ya juu haipati nyuzi za kutosha kushika, na hilo ni hatari. Huwa nzito kidogo kugeuka, hivyo aliyezoea kukaza kwa nguvu ataziharibu upesi. Zikikosa grisi nazo huchimba, ila kwa mistari badala ya vishimo. Mwenye kupita lami tu, na mwenye kutia grisi kwa wakati, gololi zamtosha kabisa. Kaka hapiti lami tu. Akachagua rola, kwa fedha aliyoipata kwa kuuuza ule usukani mrefu kwa kijana mwingine, akaongeza kidogo.

Jinsi tulivyofunga

Kazi ilifanywa Jumapili ili hesabu isidaiwe. Tuliondoa gurudumu, madigadi, taa na shokapu, tukatandika kitambaa chini kabla ya kufungua nati ya shingo, maana gololi humwagika kama choroko. Zilikuwa zaidi ya thelathini, na mbili zilikuwa zimepasuka. Vikombe vya zamani fundi alivitoa kwa nondo ndefu kutoka ndani, akigonga kidogo upande huu na kidogo upande huu, kamwe si upande mmoja, maana kikombe kikilala huipanua shingo na shingo iliyopanuka haina dawa rahisi.

Kuvitia vipya kulinifurahisha kuliko yote. Usiku wa kuamkia siku hiyo fundi alivilaza vikombe katika barafu ya muuza soda, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Alisema, "Chuma kikisikia baridi hujikunyata." Nilifanya hesabu. Chuma hupungua kama sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kikombe cha upana wa milimita 50 kikitoka nyuzi 30 za mchana hadi barafu ya nyuzi 0, hupungua 50 × 0.000012 × 30, yaani milimita 0.018. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya hapo. Hata hivyo kikombe kiliingia kwa kugongwa taratibu kwa kipande cha mti mgumu, na mlio wa nyundo ulipobadilika kuwa mzito, fundi akasema kimekaa.

Grisi aliisukuma kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili wa rola. Kisha akakaza nati kwa nguvu kiasi, akageuza usukani huku na huku mara kadhaa ili rola zikae, akailegeza, akaikaza tena polepole. Kipimo chake kilikuwa hiki: gurudumu likiwa linaelea, usukani ukisukumwa kidogo tu kutoka katikati, uanguke wenyewe hadi mwisho, kulia na kushoto sawa, bila kugonga ukivuta shokapu. Alimwambia kaka arudi baada ya juma moja, kwa sababu vikombe vipya huendelea kukaa, na nati hulegea. Kaka alirudi, na kweli ilikuwa imelegea kidogo.

Matokeo niyaeleze kama yalivyo. Kuyumba kwa mwendo mdogo kuliisha siku ile ile. Lakini pikipiki iliendelea kuvuta kushoto, na hilo shingo haikuwa na hatia nalo. Tulifunga uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande, tukakuta gurudumu la nyuma limekaa mshazari: aliyekaza mnyororo mara ya mwisho alivuta upande mmoja zaidi ya mwingine. Ilichukua spana moja na robo saa.

Vikombe vya zamani na zile gololi mbili zilizopasuka nimekuja navyo shuleni kwa ruhusa ya kaka. Mwalimu wetu wa fizikia ameviweka katika maabara, rafu ya chini karibu na dirisha. Asiyeviona vishimo kwa macho na apitishe ukucha.